Faini ya Uthiru na stika ya mwalimu

Tarehe 26 Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data nchini Kenya ilitangaza faini tatu kwa mkupuo mmoja. Ya kwanza iliiangukia kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, wenye programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na nambari walizozipata kwa watu wengine kuwapigia watu simu na kuwatumia jumbe za vitisho: shilingi 2,975,000. Ya pili ilikiangukia kilabu cha starehe cha Nairobi, Casa Vera Lounge, kwa kutundika mitandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake: shilingi 1,850,000. Ya tatu ndiyo iliyotufanya walimu tushike vichwa. Roma School, iliyoko Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Hebu tazama mpangilio wa hizo pesa. Wakopeshaji wa simuni, ambao kila Mkenya mwenye shemeji mdeni anawajua, walitozwa pungufu kuliko shule. Kilabu kilichoanika picha ya mtu mzima kwenye starehe zake kilitozwa chini ya nusu ya ilichotozwa shule. Faini ya aina hii haiwezi kuzidi shilingi milioni 5, na shule ilifikishwa asilimia 91 ya kiwango hicho. Ofisi yenyewe haikuficha nia: ilitaka kila anayeshika data za watoto apate ujumbe kwamba ridhaa ya mzazi hutangulia.

Mimi ni mwalimu wa Sekondari Msingi katika shule ya kutwa huku Pwani. Vipindi vya mambo ya mtandaoni viliniangukia kwa sababu moja tu, kwamba mimi ndiye niliyejua kuunganisha projekta. Kwa muda mrefu nilivifundisha kama wanavyovifundisha wengi: usimpe mtu nywila yako, usichati na usiyemjua, usitukane, usisambaze. Usi, usi, usi. Nilipoisoma habari ya Uthiru ndipo nilipong'amua kwamba katika orodha yangu nzima hapakuwa na hata jambo moja ambalo mtoto angeweza kunidai mimi. Tangu siku hiyo kisa hiki nimekifanya somo la Gredi ya 8, na kimenifundisha zaidi ya kilivyowafundisha wao.

Picha hufikaje mtandaoni

Asiyefanya kazi shuleni huenda akadhani kosa kama hili huanza na mtu mbaya. La. Huanza na siku ya zawadi. Watoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, wamevishwa majoho na kofia za mahafali, mwalimu ana simu, ukurasa wa Facebook wa shule hauna kitu kipya tangu muhula uliopita. Picha inapigwa, inapandishwa, wazazi wanaweka mioyo. Kwa shule ya binafsi picha hiyo ni zaidi ya kumbukumbu. Ni tangazo. Januari ikikaribia, shule zinagombania wanafunzi kama makondakta wanavyogombania abiria, na hakuna bango linaloshinda uso wa mtoto anayecheka.

Mtaala nao umeongeza kuni. Chini ya CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, mzazi hupiga picha mradi wa mtoto, mara nyingi na mtoto mwenyewe akiwa ameushika, na kuutuma kwa WhatsApp ya mwalimu. Simu hiyo ni ya mwalimu, si ya shule. Usiku mtoto wa mwalimu anaichezea. Ikiharibika inapelekwa kwa fundi wa kibandani, ambaye anaomba namba ya siri ili "aitesti". Katika hatua zote hizo hakuna aliyekusudia ubaya, na katika hatua zote hizo picha za watoto wa watu zinapita mikononi mwa watu ambao mzazi hawajui.

Mtaala huo huo una umilisi wa kimsingi saba, na miongoni mwake umo ujuzi wa kidijitali, umo na uraia. Katika shule nyingi hizo mbili hazijawahi kukutana. Ujuzi wa kidijitali umekuwa kujua kuwasha tableti, na uraia umekuwa kuimba wimbo wa taifa.

Sheria inasema nini hasa

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Ni kila mtu, si kila mtu mzima. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ndiyo iliyokuja kuitia meno haki hiyo.

Hapa nina manung'uniko madogo. Jina lenyewe la sheria linatupa kazi. Nilipoliandika ubaoni kwa mara ya kwanza na kuuliza maana yake, kijana mmoja alijibu kwa uhakika kabisa kwamba kulinda data ni kuzima video zisijicheze zenyewe bando likaisha. Darasa lilimpigia makofi. Watanzania walifanya vyema zaidi: sheria yao ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitwa ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtoto akilisikia jina hilo anajua mara moja kwamba linamhusu yeye, halihusu bando.

Turudi kwenye sheria. Ridhaa, kwa maana yake, iwe ya wazi, isiyo na utata, ya hiari, kwa jambo mahususi, na atakayeitoa awe ameelezwa. Kunyamaza hakumo. Kifungu cha 32 kinamtwika anayeshika data mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na kinamruhusu aliyeitoa kuiondoa wakati wowote. Kifungu cha 33 ndicho cha watoto, na walimu wengi wanaokitaja hukikatia katikati. Wanasema: uwe na ridhaa ya mzazi au mlezi. Kweli, lakini kifungu kinaendelea. Hata ridhaa ikiwapo, matumizi yenyewe yawe ya kulinda na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto. Kwa hiyo shule yenye saini ya kila mzazi bado ina swali la kujibu. Picha hii inamfaa mtoto, au inaifaa shule?

Kwa maoni yangu swali hilo ndilo zito kuliko saini, na ndilo ambalo faini haikutulazimisha kulijibu. Tangazo la 2023 lilizungumzia ridhaa, basi shule zikakimbilia fomu.

Utetezi wa chumba cha walimu

Nilipoibandika habari hii kwenye ubao wa chumba cha walimu, nilipata majibu matatu kabla chai haijapoa.

La kwanza lilikuwa kwamba wazazi wenyewe wanaposti. Ni kweli. Kuna watoto ambao stetasi ya mama imewaonyesha wakiogeshwa, wakilia, wakitapika garini. Lakini mzazi anayeonyesha picha ya mwanawe kwa watu waliomo simuni mwake hajaipa shule ruhusa ya kuionyesha kwa dunia. Mtu anayekukaribisha sebuleni hajakupa funguo za nyumba.

La pili, kwamba hakuna aliyelalamika. Kwa hili sikuwa na jibu la kisheria, nilikuwa na swali. Mzazi mwenye salio la karo, mtoto wake yuko mikononi mwetu kutwa nzima, angelalamika kwa nani, na kesho yake amlete mtoto akiwa na uso gani?

La tatu ndilo lililokuwa na uzito: fomu ya kujiunga na shule ina mstari unaosema mzazi anakubali picha kutumiwa. Mwalimu aliyelisema alikwenda akaileta fomu yenyewe. Mstari ulikuwepo, ukurasa wa tatu, kati ya sare za michezo na ada ya maji. Nani ameusoma? Na aliyeusoma na kuukataa, angempeleka mtoto wapi? Sheria inataka ridhaa ipimwe kwa kuangalia kama imefungwa kwenye huduma isiyoihitaji. Mtoto anaweza kufundishwa hesabu bila uso wake kuwa kwenye Facebook, basi huo mstari haupaswi kuwa sharti la kumsajili.

Wasweden waliliona jambo hili kabla yetu. Shule moja ya sekondari ya Skellefteå ilijaribu kuchukua mahudhurio ya wanafunzi 22 kwa kamera inayotambua nyuso, na mnamo Agosti 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ikaitoza manispaa krona 200,000. Utetezi ulikuwa kwamba ridhaa ilitolewa. Mamlaka ikajibu kwamba ridhaa hiyo haina nguvu, kwa kuwa mwanafunzi yuko chini ya shule na hana uhuru wa kweli wa kukataa. Nilipowasimulia wenzangu habari hiyo, mwalimu mwenye fomu aliikunja akairudisha kabatini, akasema Sweden ni Sweden. Sikubishana. Lakini kifungu cha 32 ni chetu, kiliandikwa Nairobi.

Darasani

Kosa la kwanza nililolikwepa kwa bahati lilikuwa kuonyesha darasani picha za watoto wa shule nyingine kama mfano. Nilikuwa nimeshazifungua kwenye kompyuta ndipo nikakumbuka ninachotaka kufundisha. Nikatafuta picha yangu mwenyewe ya darasa la saba, nikafunika nyuso za wenzangu kwa vipande vya gundi, nikaitundika ukutani kwa projekta. Kazi ilikuwa hii: wewe ni mgeni, humjui mtu yeyote hapa, niambie unachoweza kukijua.

Walinianika. Shule waliijua kwa tai na nembo ya sweta. Mwaka waliupata ubaoni nyuma yetu, tarehe ilikuwa imeandikwa kwa chaki. Msichana wa kiti cha nyuma akainuka, akasogea ukutani, akasoma jina la rafiki yangu lililoandikwa kwa wino kwenye mkoba wake. Nilikuwa nimeuficha uso nikaliacha jina. Mwingine akasema, "Mwalimu, wewe pekee ndiye huna viatu." Sikuwa nimeiona hivyo hata siku moja. Kwangu ilikuwa picha ya marafiki. Kwao, wageni, ilikuwa picha ya mtoto maskini, na huo ndio ukweli ambao mpiga picha hakuniuliza kama ningependa udumu.

Hapo nilisimama kidogo, na sikujifanya.

Baadaye tuliingia katika mambo ya ufundi. Picha ya simu hubeba ndani yake tarehe na saa, na huduma ya mahali ikiwa imewashwa, hubeba hata mahali ilipopigwa. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, alama hizo za mahali huondolewa. Ukiituma kama faili, hubaki. Watoto walilipenda sana hili, pengine kwa sababu ni siri ambayo wazazi wao hawaijui.

Kisha tukasoma kisa cha Uthiru, na nikawagawa: hawa shule, hawa wazazi, hawa Kamishna. Upande wa shule ulijitetea vizuri kuliko nilivyotarajia, ukasema picha ziliwapa watoto heshima. Upande wa Kamishna ukauliza heshima hiyo ilipimwa na nani. Tulikuwa tunaelekea kwenye hukumu ndipo yule msichana wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa wameulizwa shule, wameulizwa wazazi. Watoto wa kwenye picha wako upande gani?"

Sikuwa nimeunda kundi la watoto. Katika mchezo niliouandaa mwenyewe, wa kufundisha haki za watoto, nilikuwa nimewaacha watoto nje.

Sheria nayo imewaacha, kwa kiasi. Kifungu cha 33 kinamtaja mzazi na kinataja maslahi ya mtoto, ila hakisemi mtoto aulizwe. Unaosema hivyo ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990: kifungu cha 12 kinampa mtoto anayeweza kuunda maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kifungu cha 16 kinataja faragha yake waziwazi. Mwaka 2021 kamati inayousimamia mkataba huo ilitoa Maoni ya Jumla nambari 25, yanayosema kwamba haki hizo zote zinamfuata mtoto hadi mtandaoni. Mtoto wa miaka 13 hawezi kuulizwa kwa namna anayoulizwa wa miaka 4, hilo ni wazi. Lakini huyu wa 13 tunamwamini kubeba karo benki, kumpeleka mdogo wake kliniki, na kuchaguliwa kiranja. Tukifika kwenye uso wake tunaona bado ni mdogo.

Stika

Wiki mbili baada ya somo hilo, mwenzangu alinionyesha simu yake akicheka hadi machozi. Nilikuwa mimi. Picha ilitoka kwenye ukurasa wa shule, siku ya zawadi, nikiwa katikati ya kucheza, mdomo wazi, mkono mmoja hewani. Mtu alikuwa ameikata vizuri, akaniondoa kwenye jukwaa, akaandika chini yake: UNGANISHA PROJEKTA. Stika ilikuwa imeshazunguka vikundi vya Gredi ya 8 na 9, kwa simu za mama zao, maana shuleni kwetu simu haziruhusiwi, na ilikuwa imefika hadi kwa walinzi.

Nakiri nilikasirika. Nikaenda darasani na sheria mkononi. Na hapo sheria ikanitupa mkono. Kifungu cha 51 kinaitoa nje ya sheria hiyo kazi ya mtu binafsi ya nyumbani kwake. Mtoto aliyetengeneza stika kwa simu ya mamake na kuwatumia rafiki zake si shule wala si benki, na Kamishna hana haja naye. Iko sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018, lakini hiyo ni ya watu wanaotisha na kudhalilisha, na mwalimu anayeipeleka mbele ya mtoto kwa sababu ya stika ya kucheza amechanganya nyundo na mbu.

Basi ikabidi nizungumze bila kifungu. Nikawaambia stika imeniumiza. Si kwa sababu ya kucheza, bali kwa sababu mmoja wa wazazi aliniita kwa maneno hayo sokoni, nikiwa na mwanangu. Kimya kikaingia. Hapa ndipo penye wajibu, nadhani, pale sheria inapoishia na bado kuna mtu aliyeumia. Kijana aliyeitengeneza alisimama mwenyewe, hakusukumwa. Akasema, "Samahani, mwalimu. Lakini picha hiyo iliwekwa na shule. Wewe ulikubali?"

Sikuwa nimeulizwa.

"Na sisi," akaongeza, kwa heshima zote, "tumo wangapi kwenye simu yako?"

Nikaitoa simu. Sikutaka kuhesabu mbele yao lakini nilihesabu. Miradi ya sayansi, tamasha la muziki, mtoto aliyeumia goti nikampigia picha ili mamake aone, safari ya Fort Jesus, karatasi za mtihani zenye majina. Zilipita mia, na za muhula uliotangulia zilikuwa bado. Nyingine zilikuwa za watoto walioshamaliza shule. Tulikubaliana hivi: mimi nitafuta zangu, yeye atafuta yake na kuwaomba wenzake wafute. Zangu zilinichukua jioni mbili, kwa sababu kila moja nilitaka kuitazama kwanza, na hapo nikaelewa kwa nini watu hawafuti.

Kisha tukaandika pamoja barua kwa Mwalimu Mkuu, kama zoezi la Kiswahili la barua rasmi. Iliomba mambo mawili. La kwanza, ule mstari utolewe kwenye fomu ya kujiunga, uwe karatasi ya pekee, na aliyeikataa asiulizwe sababu. La pili, kuanzia Gredi ya 4 chini ya saini ya mzazi kuwe na nafasi ya mtoto mwenyewe: nakubali, sikubali, niulize kila mara. Mwalimu Mkuu aliisoma barua akarekebisha makosa mawili ya tahajia kwa kalamu nyekundu, halafu akaipeleka kwa bodi. Bodi ilikubali la kwanza bila mjadala, faini ya Uthiru ilikuwa bado masikioni. La pili lilichukua vikao viwili. Mjumbe mmoja aliuliza iwapo sasa watoto watatuamulia na chakula cha mchana.

Karatasi ziliporudi, wengi walikuwa wamekubali. Wachache walisema waulizwe kila mara. Wanne walikataa, na kati ya hao wanne alikuwamo mkimbiaji wetu bora kuliko wote, aliyetuletea kombe la mita 800 muhula uliofuata. Picha iliyopo kwenye ukurasa wa shule ni ya kombe lenyewe, juu ya benchi, na nyuma yake miguu ya mtu asiyejulikana. Mwalimu wa michezo hajanisamehe.

Stika yangu nayo, naambiwa, bado ipo. Wameibadilisha maneno tu. Sasa inasema: NIULIZE KILA MARA.